Mpakani na kigugumizi changu

Ukifika dirishani pale mpakani, afisa akakuuliza jina lako nawe ukasita, lazima atajiuliza: ni mtu gani huyu asiyejua jina lake mwenyewe? Mfanyabiashara anayesitasita mbele ya afisa huhesabiwa kuwa anaficha kitu, iwe ni magendo au karatasi za mtu mwingine. Basi kwa wenye kigugumizi hapo pana balaa, maana hakuna neno linalotubana kama jina letu. Neno "sabuni" likigoma kutoka, unaweza kusema "ile ya kufulia" na mteja akakuelewa. Jina halina mbadala. Ni lile lile lililoandikwa kwenye kitambulisho, na anayekuuliza anakutazama mdomoni.

Ndugu msomaji, mimi ni mmoja wao. Nilizaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi magharibi ya Tanzania, wazazi wangu wakiwa wamekimbia Burundi mwaka 1972. Mwaka 2008 nilirudi pamoja na wenzangu wengi, tukafikia Nyanza-Lac. Tangu hapo riziki yangu iko njiani: navuka Mugina, napita Manyovu hadi Kasulu, nachukua sabuni na vyombo vya plastiki, narudi navyo.

Wenzangu mliorudi mnajua tulivyopokelewa kwa upande wa lugha. Kirundi chetu kilikuwa kimechanganyika na Kiswahili na watu walikicheka. Mimi nilikuwa na mzigo wa pili. Kila niliposita, jirani alidhani natafuta neno la Kirundi, akanitafutia yeye. Wengine walinong'ona kwamba huyu si mtoto wa nchi hii, amekuja kudai shamba lisilo lake. Na siku ya kusimama mbele ya wazee kueleza mpaka wa shamba la babu, ukishindwa kutamka jina la babu huyo, hayo si mambo ya kuchekesha. Kumbe hata Kiswahili nilichonyonya nacho nilikwama hivyo hivyo. Mishamo walinipa jina la utani ambalo sitaliandika hapa.

Nyumbani walihangaika kuniponya. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinigonga midomo kwa mwiko, taratibu, asubuhi kabla ya uji. Mwingine alishauri nipewe maji yaliyonyeshewa na mvua ya kwanza. Baba dawa yake ilikuwa moja: "Vuta pumzi, sema polepole." Hiyo ya baba ndiyo wanayotuambia watu wote mpaka leo, na kwa kweli huongeza uzito, kwa sababu anayebanwa ameshajua kwamba amebanwa.

Wataalamu wanasema nini? Kigugumizi kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miaka kati ya miwili na mitano, wakati anapoanza kuunganisha sentensi. Watoto wengi hupona wenyewe. Wanaobaki nacho ukubwani ni karibu mtu 1 katika kila 100, na kati yao wanaume ni wengi kuliko wanawake, kiasi cha wanne kwa mmoja. Hutembea katika koo, na watafiti wamekwisha kuona baadhi ya jeni zinazohusika, pamoja na tofauti katika sehemu za ubongo zinazopanga usemaji. Woga haukileti. Woga hukikuta kipo, ukakiongezea kuni. Akili haihusiki kabisa.

Jambo la ajabu, nalo lilinishangaza tangu utotoni, ni kwamba mwenye kigugumizi akiimba hakwami. Akisoma pamoja na wenzake kwa sauti moja, hakwami. Hata ukinisikia sokoni nikinadi bidhaa kwa mkong'osio wa wauzaji utaapa kwamba sina tatizo. Mteja akisimama na kuuliza bei, hapo ndipo kazi inapoanza.

Na bei ni jambo la fedha. Namjua mwenzetu mmoja auzaye dagaa, herufi T humkaba kooni. Kopo lake ni shilingi elfu tatu. Kwa miaka mingi amekuwa akisema "elfu mbili mia nane", kwa sababu hiyo hutoka vizuri. Piga hesabu mwenyewe: shilingi mia mbili kwa kila kopo, kila siku ya soko, analipa kodi ambayo hakuna serikali iliyoiweka.

Kuficha ndiko kunakogharimu hivyo. Mtu hukwepa neno, hukwepa simu, hukwepa mkutano, mwishowe humtuma mtoto kwenda kuuliza kitu ambacho yeye mwenyewe angeuliza. Katika jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1939, watafiti walichukua watoto yatima 22, na baadhi yao waliokuwa wakisema vizuri wakaambiwa kwamba wana kigugumizi na wajihadhari na kila neno. Watoto wale walianza kujifungia na kuogopa kusema. Chuo kikuu kilichosimamia jambo hilo kiliomba radhi mwaka 2001. Mimi nikisoma habari hiyo nakumbuka watoto wetu wanaokaripiwa kila wanapofungua mdomo.

Mmarekani mwingine, Charles Van Riper, aliyezaliwa mwaka 1905 naye akiwa na kigugumizi, alifundisha kinyume na wengi. Alisema usipigane ili usikwame. Jifunze kukwama kwa wepesi, mbele ya watu, bila kujikaza. Tena alishauri ukwame kwa makusudi, mahali pasipo na haja, ili hofu iishiwe nguvu. Niliisoma kwa Kifaransa changu cha kuungaunga, kwenye simu ya mpwa wangu, nikacheka. Mtu ajitafutie fedheha kwa hiari?

Nilianza kwa mama mmoja wa Manyovu auzaye chai. Kule Kiha na Kirundi vinaelewana, kwa hiyo hakuna wa kusingizia lugha. Nikamwagiza "cha-cha-chai" kwa makusudi, nikimtazama usoni. Akauliza, "Ya rangi au ya maziwa, baba?" Basi. Hakuna mbingu iliyoanguka. Nilirudia kwa wiki kadhaa, kwa wauzaji wa maandazi na makondakta, hadi nikathubutu kwenda nao dirishani.

Siku hizi nikifika kwa afisa natanguliza maneno: "Shikamoo mkuu, nina kigugumizi, jina langu litachelewa kidogo." Akiwa kijana kuliko mimi naacha shikamoo. Wengi huinamisha kichwa na kusubiri. Wapo wachache wanaoguna, na yuko mmoja aliyenimalizia jina, tena akakosea, ikabidi tuanze upya. Kwama bado nakwama. Kuna asubuhi nabanwa kuliko nilivyobanwa nikiwa Mishamo, hasa nikiwa sikulala. Tofauti ni kwamba sasa bei yangu naitaja ilivyo, hata ikichukua nusu dakika.

Mzazi mwenye mtoto wa miaka mitatu au minne anayerudiarudia silabi asiogope, ila asimmalizie maneno wala kumwambia aanze tena. Amsikilize mpaka mwisho, naye mwenyewe aongee bila haraka. Hali ikiendelea kwa miezi mingi, au mtoto akianza kuukimbia usemi, aulize hospitali kubwa kama yupo mtaalamu wa matamshi.

Jambo lililobaki gumu kwangu ni simu, kwa kuwa mtu wa upande wa pili haoni uso. Zamani wateja wa Kasulu walikuwa wakikata wakidhani mtandao umepotea. Sasa wamenizoea. Simu ikiita na kimya kikafuata, huambiana kwamba ni yule wa vyombo, kisha wanasubiri.