Mjue Bwana Shamba Wako

Ndugu msomaji, je, kijijini kwako yuko bwana shamba? Unamjua kwa jina? Unajua amepanga nyumba ya nani, jioni anafanya nini, na ana mawazo gani? Watu wengi hawajui. Wanamwona akipita na pikipiki, wanasema, "Yule ni wa Serikali," basi. Siku hizi jina lake la kazi ni afisa ugani, na akiwa mwanamke wengi humwita bibi shamba. Tumtazame leo kijana huyu. Tutachukua mfano wa Rujewa, kwa sababu huko kazi yake inaonekana wazi.

Rujewa ni makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Ukitoka Makambako kwa barabara kuu ya kwenda Mbeya, unaacha baridi nyuma yako. Unavuka mto Mbarali pale Igawa, na joto la bonde la Usangu linakupokea. Wenyeji wa bonde hili ni Wasangu. Lakini leo utawakuta pia Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, na Wasukuma na ng'ombe wao. Wote walifuata ardhi na maji. Zao kubwa ni mpunga.

Vijana wengi wa kazi hii wamesoma vyuo vya kilimo. Kimoja kipo Igurusi, katika wilaya hiyo hiyo ya Mbarali, nacho kinajulikana kwa mafunzo ya umwagiliaji. Kingine kipo Uyole, karibu na mji wa Mbeya. Kijana akimaliza masomo na kuajiriwa, anapelekwa popote palipo na nafasi. Anaweza kuwa ametoka kwenye baridi ya Makete. Hapa atakutana na joto, mbu na watu asiowajua. Hana shangazi wala mjomba. Chumba chake cha kwanza huwa na kitanda, jiko la mkaa, ndoo mbili na vitabu vya chuo.

SIKU YAKE

Mvua zikianza, mwezi wa Desemba na Januari, hana muda wa kulala sana. Saa kumi na mbili asubuhi ameshafika mferejini. Huko hukuta maneno. Mwenye shamba la juu anasema zamu yake haijaisha. Mwenye shamba la chini anasema majaruba yake yamekauka. Kuamua si kazi ya bwana shamba. Kazi hiyo ni ya viongozi wa chama cha watumiaji maji. Hata hivyo wote wawili humgeukia yeye, kwa sababu ni mgeni na hana ndugu upande wowote.

Kisha huingia shambani. Hapo ndipo utamjua kama ni mtu wa kazi. Bwana shamba mwenye viatu visafi mwezi wa Januari, mwulize alikuwa wapi.

Sasa fikiri, msomaji. Kijana wa miaka ishirini na tano amesimama mbele ya mzee wa miaka sitini. Kijana anatoa shikamoo. Mzee anaitikia marahaba. Halafu kijana anataka kumfundisha mzee kulima mpunga! Mzee anajisemea moyoni, "Mtoto huyu alizaliwa mimi nikilima hapa hapa." Na ni kweli. Mzee anajua jaruba lipi linashika maji na lipi linavuja. Anajua mwaka gani mto ulijaa ukavunja tuta. Mambo hayo chuoni hayafundishwi.

Lakini yapo mambo ambayo kijana anayajua, na mzee angeyapenda kama angeyaona kwa macho. Chukua mfano wa yai. Jaza maji safi kwenye ndoo, utie yai bichi. Yai litazama. Tia chumvi kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka yai lielee. Litoe yai, umwage mbegu za mpunga humo. Mbegu zitakazoelea ni pepe au nyepesi. Ziondoe. Zitakazozama ni nzito, nazo ndizo za kupanda. Zioshe vizuri kwa maji safi ili chumvi itoke, kisha uziloweke na kuzisia kitaluni. Jambo hili halina gharama kubwa. Linataka chumvi na yai moja, na yai lenyewe utaliosha ukalipike.

Jambo jingine ni kilimo shadidi cha mpunga. Kilimo hiki kilianzia kisiwa cha Madagaska, miaka ya 1980, kwa juhudi za padri mmoja Mfaransa aliyeitwa Henri de Laulanié. Mkulima hangoji miche ikae kitaluni mwezi mzima. Anaihamisha ikiwa bado michanga, yaani siku nane hadi kumi na mbili. Anapanda mche mmoja mmoja, wala si mafungu. Kutoka mche hadi mche anaacha sentimita 25, kila upande. Maji hayatuami shambani siku zote. Anayaachia yaingie, kisha anaacha udongo ukauke kidogo mpaka uanze kupasuka nyufa ndogo, ndipo anayaachia tena. Mche mmoja uliopata nafasi na hewa hutoa machipukizi mengi. Mbegu zinazotumika ni chache, na maji pia ni machache.

Je, kuna ugumu? Upo, na bwana shamba mwema hakufichi. Pasipo maji ya kutuama, magugu huota haraka. Kwa hiyo palizi ni nyingi. Jaruba lisiposawazishwa vizuri, upande mmoja utazama na mwingine utakauka. Na kama zamu yako ya maji haieleweki, huwezi kukausha shamba leo ukiwa na hakika ya kupata maji wiki ijayo. Ndiyo maana mkulima anayesita si mjinga. Akikosea, watoto wake ndio watakaolala njaa. Mshahara wa bwana shamba utakuja tu. Basi usibadili shamba lote kwa mara moja. Tenga jaruba moja dogo ulijaribu, mengine uyalime kama ulivyozoea. Wakati wa mavuno pima yote mawili kwa debe lile lile.

ANAPENDA NINI?

Bwana shamba ni kijana kama vijana wengine. Jioni utamkuta uwanja wa mpira. Kama ni Simba au Yanga, utamjua siku timu yake imefungwa, maana atapita kimya. Wengine huimba kwaya. Wengine wamejifunza kucheza bao na wazee, na hiyo ni akili, kwa sababu mzee aliyekushinda bao hukusikiliza kwa urahisi zaidi! Wapo wanaofuga kuku na kupanda mchicha nyuma ya nyumba. Mwisho wa mwezi sehemu ya mshahara huenda kwao, kwa wazazi au kwa ada ya mdogo wake.

Simu nayo imekuwa chombo chake cha kazi. Akiona jani lenye ugonjwa asioujua, hulipiga picha na kuituma kwa wenzake. Mwaka 2022 Serikali ilianza kugawa pikipiki kwa maafisa ugani nchini, pamoja na vifaa vya kupimia udongo. Kama wako anacho kifaa hicho, mwombe akupimie kabla hujanunua mbolea.

Ukimkaribisha chai, mtasikia mengi kutoka kwake. Atakuambia juu ya lumbesa. Mkulima anajaza gunia, halafu mnunuzi anataka liongezwe kilemba juu, na bei inabaki ya gunia moja. Atakuambia juu ya kuuza mpunga ungali kijani shambani, kwa sababu ya ada au ugonjwa. Mtu wa namna hiyo huvuna mali ya mwingine. Bibi shamba atakuambia jingine. Wanawake wanapandikiza, wanapalilia na kuvuna, lakini siku ya kuuza wengi wao hawaulizwi. Tena wapo wanaume wasiotaka kufundishwa na msichana. Hao wanajipunja wenyewe.

Zaidi ya yote atakuambia juu ya maji. Mto Mbarali unaingia Ruaha Mkuu. Maji ya Ruaha hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha hufika Mtera na Kidatu yanakozalishwa umeme. Tangu miaka ya 1990, wakati wa kiangazi mto huo umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi. Samaki hufa, viboko husongamana kwenye madimbwi. Sababu ziko nyingi, lakini moja iko mikononi mwa wakulima. Mpunga umeshavunwa, na bado mfereji umeachwa wazi. Maji yanamwagika kwenye majaruba matupu na kwenye njia za ng'ombe. Kufunga lango la mfereji baada ya mavuno ni kazi ya watu wawili kwa asubuhi moja.

Baadhi ya vijana hawa hukaa mwaka mmoja, wakaomba uhamisho. Joto peke yake haliwaondoi. Wanachoka kuitisha mkutano wakaja watu wanne. Kama kijiji chako kinaweza kumpatia bwana shamba chumba kisichovuja, na jaruba moja kando ya njia kwa shamba darasa, mpeni sasa, kabla vitalu havijaanza. Siku za zamu ya maji usimtafute ofisini. Nenda mferejini asubuhi.