Programu Kamili ya Kwanza katika Haskell

Lugha za fanksheni ni jamii ya lugha za kuandikia programu za kompyuta ambayo chimbuko lake ni kanuni za hisabati zilizotungwa na Mmarekani Alonzo Church katika miaka ya 1930. Kiini chake ni fanksheni, yaani kanuni inayopokea thamani na kutoa nyingine bila kubadili kitu chochote nje yake. Haskell, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1990 na kupewa jina la mwanamantiki Haskell Curry, hulishika sharti hilo kwa ukali kuliko nyingi, na hapo ndipo mwanafunzi hukwama: mazoezi ya vitabuni, kama kupanga orodha ya namba, huyamaliza vizuri, lakini programu kamili haina budi kusoma faili, kupokea maneno ya mtumiaji na kuonyesha majibu, mambo ambayo hayawezi kufanyika bila kugusa ulimwengu wa nje.

Haskell, tangu toleo la mwaka 1996, huipa kila kazi ya namna hiyo aina maalumu iitwayo IO. Aina ni alama ya thamani ambayo kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtunzi kuwa amri za mashine, huikagua kabla ya kazi kuanza. Fanksheni isiyo na alama ya IO haipewi nafasi ya kusoma faili. Mtunzi hulazimika basi kuamua mapema ni sehemu ipi inakokotoa tu na ipi inawasiliana na nje, na uamuzi huo, ambao zoezi fupi halimdai mtu kamwe, ndio ujuzi wenyewe. Vitabu vinavyotanguliza nadharia nzito iliyo nyuma ya IO humchosha msomaji bure, kwa kuwa nadharia hiyo hueleweka upesi zaidi kwa mtu ambaye tayari ameihitaji.

Ushahidi mzuri ni Pugs, programu ambayo Audrey Tang wa Taiwan aliianza Februari 2005 kama zoezi la kujifunza Haskell. Zoezi hilo lilikuwa kuendesha Perl 6, lugha iliyotangazwa mwaka 2000 na ambayo bado ilikuwa ikisubiri programu ya kuitekeleza ipasavyo. Kazi hiyo iliifaa Haskell mno, kwani kuyachambua maandishi na kuyapanga kuwa mti wa maana ni ukokotoaji mtupu, nayo IO huhitajika pale tu mti huo unapotekelezwa. Toleo la kwanza lilitoka mwezi huohuo, na watu wengi wakajiunga kuandika majaribio ya kuikagua. Pugs yenyewe iliachwa baadaye, lakini majaribio hayo yakawa msingi wa yale rasmi ya Perl 6, ambayo tangu mwaka 2019 huitwa Raku.