Je, Wajua? Malori ya Zambia na foleni ya Mafiati

• Barabara kuu ya TANZAM inapita katikati ya Jiji la Mbeya. Lori linaloelekea Tunduma mpakani mwa Zambia, daladala ya Mwanjelwa na bajaji ya mtaani vyote hugombania lami ileile kupitia Uyole, Mafiati, Iyunga hadi Mbalizi. Uyole ndipo magari ya Malawi huchepuka kuelekea Tukuyu na Kasumulu.

• Mbeya inatibu foleni hiyo kwa kupanua barabara hiyo kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29. Upo pia mpango wa barabara ya mchepuo ya Uyole–Songwe, ili malori yasilazimike kuingia mjini.

• Iringa, mji mwingine wa njia hiyo, hali ni tofauti: mji wenyewe umekaa juu kilimani, na TANZAM inapita bondeni, Ipogolo. Stendi kuu ya mabasi imehamishiwa Igumbilo, kandokando ya barabara kuu, hivyo mabasi ya masafa marefu hayana haja ya kupanda hadi katikati ya mji. Mchepuo wa Igumbilo–Kihesa Kilolo, wa kilomita 7.3, nao ni wa magari yanayokwenda Dodoma.

• Dawa nyingine ipo tangu 1976: reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, inapita Mbeya. Shehena inayopanda behewa inapunguza malori barabarani.