Vipimo na Mahali: Lugha ya Ujenzi Mtakatifu katika Kiswahili

Utangulizi

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 25 hadi ya 40, sehemu kubwa ya maelezo inahusu jengo: mbao, mapazia, vitako na vinara. Wasomaji wengi huziruka sura hizo wakidhani kuwa ni orodha kavu. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba ibada yenyewe imefumbatwa ndani ya vipimo hivyo, na kwamba maana yake humfikia msomaji wa Chapwa, mjini Tunduma, kwa kadiri tu maneno ya Kiswahili yanavyoweza kuibeba.

Kipimo

Katika tafsiri ya Union ya mwaka 1952, sanduku la agano lina urefu wa dhiraa mbili na nusu, na upana na kimo cha dhiraa moja na nusu. Dhiraa, neno lenye asili ya Kiarabu, ni mkono kuanzia kiwiko hadi ncha ya vidole. Waswahili wanayo ngazi kamili ya vipimo vya mwili: shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa mbili ni wari, wari mbili ni pima. Tafsiri ya Habari Njema, iliyotolewa katika miaka ya 1990, inataja sentimita 110, 66 na 66. Uwiano umebaki uleule, na msomaji wa leo anaelewa haraka. Kilichopotea ni mwili wa binadamu kuwa kipimio cha kazi ya Mungu.

Mahali

Jengo lenyewe huitwa maskani. Mzizi wake wa Kiarabu, s-k-n, ni ndugu wa mzizi wa neno la Kiebrania mishkan, na yote mawili yanahusu kukaa. Hata hivyo, vijana wa leo huita kijiwe chao maskani. Mwalimu hana haja ya kulikwepa neno hilo. Amwoneshe kijana kwamba wazo la kukaa pamoja na watu limo katika matumizi yote mawili.

Aidha, lugha yetu ina kiambishi pa-, kinachoonesha mahali dhahiri, tofauti na ku- ya mahali pasipo dhahiri na mu- ya ndani. Neno patakatifu halihitaji nomino: kiambishi chenyewe ndicho mahali. Patakatifu pa patakatifu ni sehemu moja mahususi, yenye mipaka. Kwa mzawa wa Tunduma azungumzaye Kinyamwanga, lugha ambayo huweka pa-, ku- na mu- mbele ya nomino yenyewe, tofauti hiyo si ngeni hata kidogo.

Fundi

Agizo lililo wazi humtaka fundi mwaminifu. Bezaleli, aliyesaidiwa na Oholiabu, anatajwa katika sura ya 31 kuwa amejazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono. Katika sura ya 40, aya ya 19 hadi ya 32, kauli kwamba kazi ilifanyika kama Musa alivyoagizwa inarudiwa mara saba. Marudio hayo si udhaifu wa mtindo; ni ukaguzi wa kila hatua.

Uangalifu wa namna hiyo haukosi katika pwani yetu. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mihirabu yake huelekeza safu za waumini kibla: mwelekeo wa ukuta na mwelekeo wa sala ni kitu kimoja.

Hitimisho

Mfasiri akibadili kipimo, mahali au marudio, hugusa ibada. Inafaa basi vipimo vya kisasa viwekwe tanbihini, dhiraa ibaki katika matini, na marudio yasifupishwe. Vinginevyo msomaji atapokea habari za jengo bila kujua kwa nini lilipimwa.