Shakwe wawili wa Kalundu: mmoja wa hapa, mwengine mgeni

Asubuhi, mitumbwi ya ndagala inaporudi Kalundu, ndege weupe wanaizunguka kwa makelele. Uliza mtu yeyote pale pwani, atakujibu: « Ni ndege ya ziwa tu. » Lakini uangalie vizuri: iko aina mbili, na maisha yao hayafanane hata kidogo.

Yule mdogo ni shakwe kichwa-kijivu. Mdomo wake mwekundu, miguu myekundu, urefu sentimeta 40 hivi. Ni mzaliwa wa Afrika, anataga huku huku. Kichwa chake kinakuwa cha rangi ya majivu wakati wa kutaga. Kisha ile rangi inafifia, na ndiyo maana watu wanapotea.

Mkubwa ni shakwe mgongo-mweusi. Akifungua mabawa, yanakaribia meta 1 na nusu. Miguu ya manjano, mdomo wa manjano wenye doa jekundu chini. Kifaranga anagonga doa lile ili mzazi amtapikie chakula. Vijana wake ni wa kahawia, na inawachukua miaka karibu 4 kupata ule mgongo mweusi. Huyu anatoka mbali, Ufini na Urusi. Baridi ikianza kule anashuka huku, na mwezi wa 3 ao wa 4 anarudi.

Kule Ufini hesabu yake imeshuka sana. Watafiti walikuta mabaki ya DDT ndani ya vifaranga waliokufa, wakashuku kwamba wazazi waliibeba kutoka maziwa ya Afrika ya Mashariki. Kama ni kweli, ni habari yetu pia, juu samaki anaokula yeye ndio tunaokula sisi.

Mwaka wa 2024, uvuvi ulipofungwa miezi 3 kutoka katikati ya mwezi wa 5, wageni wakubwa walikuwa wamekwisha kwenda. Walibaki vijana wachache tu. Aliyekosa mabaki ya wavuvi ni huyu wetu mdogo, sawasawa na mama anayeanika ndagala.

Ndugu mvuvi, ukimkuta yule mkubwa amenaswa wavuni, tazama mguu. Wengine wanavaa pete ya chuma yenye jina la Helsinki na namba. Kama yuko mzima, andika namba, umwachilie na pete yake. Kama amekufa, usiitupe: piga picha, andika siku na mahali, upeleke habari kwenye kituo cha utafiti wa ziwa, CRH, hapa Uvira.