Siku moja ku Las Médulas: pale Waroma walikula mulima juu ya zahabu

Mutu akisema anaenda kuona mabomoko ya Waroma wa zamani, wengi wanawaza paka Roma: Colosseum, Forum, zile picha za karte postale. Ni vizuri. Lakini kwa mutu wa mugodi, ao mutoto aliyekomea mu nyumba ya mutu wa mugodi, kuko pahali pengine pale Waroma waliacha kazi yao yenyewe mu udongo. Si nyumba ya mufalme, si hekalu. Ni mugodi. Jina lake ni Las Médulas, ku Uhispania, upande wa kaskazini-magaribi, mu jimbo la León. Njo mugodi wa zahabu mukubwa kupita yote yenye Waroma walichimba wazi, na tangu mwaka 1997 UNESCO iliutia mu liste ya mali ya dunia yote.

Familia mingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ziko na ndugu Brussels, Liège ao Paris. Kila mwaka kuko baba mwenye pansio, ao mama, mwenye watoto wanamuita akawatembelee kule. Habari hii ni ya kuwasaidia kupanga siku moja tu. Na wale wenye hawatasafiri wasome vilevile, juu mule ndani kuko mambo yenye kutuangalia.

MULIMA ULIANGUSHWA NAMNA GANI

Ukifika, kitu cha kwanza utaona ni ncha za udongo mwekundu zenye kusimama sawa meno, na kati yao miti ya majani mabichi. Mutu asiyejua atasema ni Mungu aliumba vile. Hapana. Ni mabaki ya mulima wenye ulivunjwa na mikono ya watu, tangu mwanzo wa karne ya kwanza kisha Yesu mpaka mwanzo wa karne ya tatu. Karibu miaka 200 ya kazi.

Zahabu ya pale haikukaa mu jiwe kwa mushipa. Ilitawanyika mu udongo na changarawe, kidogo-kidogo sana. Kuchimba na piki na kusukula mu sahani hakungeleta faida. Njo maana Waroma walitafuta nguvu ya kubwaga mulima muzima mara moja. Nguvu ile ilikuwa mayi.

Plinio Muzee, mukubwa wa serikali ya Roma aliyefanya kazi ku Uhispania, na aliyekufa mwaka 79 wakati wa mulima wa moto Vesuvius, aliandika namna kazi ile ilifanyika. Wachimbaji waliingiza galeri ndefu mu tumbo la mulima. Walifanya kazi na mwangaza wa taa za mafuta, na taa njo zilikuwa saa yao: ikizimika, zamu imeisha. Anasema wengine walimaliza myezi bila kuona jua. Udongo ulipita mu giza, bega kwa bega, na paka wa mwisho mu mustari njo aliona inje. Wakikuta jiwe gumu, waliwasha moto na kumwanga vinegre ili lipasuke. Lakini moshi uliwasonga pumuzi, kwa hiyo mara mingi walilipiga na vyuma vya uzito wa karibu kilo 50.

Waliacha nguzo za udongo ili dari isianguke. Kazi ikiisha, walikata nguzo, wakianzia ile ya mwisho. Juu ya mulima kulikuwa mulinzi mumoja. Yeye alikuwa anaangalia mupasuko tu. Akiuona, alipiga kelele na mikono watu watoke, na yeye mwenyewe anaruka kukimbia. Kisha mulima unaanguka. Kila mutu mwenye amekwisha kuingia mu shimo anaelewa mara moja kazi ya ule mulinzi, na anaelewa nini ilifanyika siku alichelewa.

Ku Las Médulas, wataalamu wanaeleza kwamba mayi yenyewe yaliachiliwa kwa nguvu mu galeri na kusukuma mulima toka ndani. Kisha mayi mengine yalibeba udongo mpaka mu mifereji ya kusukulia. Mu mifereji ile waliweka matawi ya kichaka chenye kukwaruza, ili zahabu ikamatwe mule. Kisha walikausha matawi, wakayachoma, wakasukula majivu.

Mayi yalitoka wapi? Mbali. Waroma walichonga mifereji ya zaidi ya kilometri 100 mu milima, yenye kuteremuka polepole bila pompe hata moja. Pale mulima ulikuwa sawa ukuta, wapimaji walifungwa kamba na kuninginia mu hewa. Mabwawa ya juu, sawa Plinio anavyoyapima, yalikuwa ya metre karibu 60 kwa 60, na urefu wa kuenda chini metre 3.

NANI ALICHIMBA

Zamani watu walizoea kusema ni watumwa. Leo wanahistoria wengi wa Uhispania waliochimbua vijiji vya pale wanasema wafanyakazi wengi walikuwa wenyeji wenyewe, watu huru. Waroma waliwashinda kwa vita vyenye viliisha mwaka 19 mbele ya Yesu, wakati wa mufalme Augusto. Kisha walihesabu vijiji na kuvipangia kodi, na sehemu ya kodi ile watu waliilipa na mikono yao, mu mugodi. Walikuwa huru, lakini hawakuwa na njia ya kukataa. Zahabu ilienda kufanya pesa ya Roma yenye iliitwa aureus, na pesa ile ililipa waaskari. Muji wa León jina lake linatoka ku kikosi cha waaskari, legio, chenye kilikaa pale.

PROGRAMU YA SIKU

Kutoka Madrid mpaka muji wa Ponferrada ni karibu kilometri 400. Usijaribu kuenda na kurudia siku moja. Fika jioni, lala Astorga ao Ponferrada, na uanze asubuhi.

Saa tatu ya asubuhi (9h00): Astorga. Waroma waliuita Asturica Augusta. Njo pale mukubwa wa mufalme alikaa ili kuangalia hesabu za migodi ya jimbo. Kuko musee ya Waroma, na kuko matembezi na kiongozi yenye kukuonyesha mabafu yao na mifereji ya machafu chini ya muji. Anzia hapa, juu hapa utaona kwanza ofisi, kisha utaenda kuona shimo. Wenye kufanya kazi mu kampani wanajua tofauti yake.

Saa sita (12h00): chukua njia ya Ponferrada, kilometri karibu 60, kisha endelea kilometri karibu 25 mpaka kijiji cha Las Médulas. Kama una njaa mbele ya kutoka Astorga, chakula cha pale ni cocido maragato: wanaleta nyama kwanza, kisha mbaazi na mboga, na supu ya mwisho. Ni chakula kizito. Mwenye atapanda mulima kisha chakula ile asikule yote.

Saa nane (14h00): kutoka kijiji, fuata kwa miguu njia yenye kuitwa Senda de las Valiñas. Ni muzunguko wa kilometri chache, watoto wanaiweza, na muzee mwenye magoti mazuri pia. Itakupitisha ku mapango mawili makubwa, La Cuevona na La Encantada, yenye ni midomo ya galeri iliyobakia wazi. Usipite haraka. Angalia ukuta, angalia namna changarawe zimepangika. Ukiwa na mutoto, umuonyeshe: huku njo mayi yaliingia, huku njo mulima ulikatika.

Saa kumi (16h00): panda na motokari upande wa kijiji cha Orellán. Motokari inabakia ku parking, na wewe unapanda kwa miguu mpaka juu. Kule kuko galeri yenye watu wanaweza kuingia ndani. Wanalipisha kidogo, na wanakupa kaske. Ndiyo, kaske. Utacheka, lakini utaivaa. Ndani kuko baridi na dari iko chini, na utatokea mu dirisha la ukuta wa mulima, pale mayi yalitokea.

Mangaribi: karibu na galeri kuko pahali pa kuangalilia, Mirador de Orellán. Jua likianza kushuka, udongo wote unakuwa mwekundu sawa moto. Hii weka ya mwisho. Wenye wanafika saa sita ya muchana wanaona rangi ya kufifia na wanauliza sababu gani watu wanasifu.

MAMBO YA KUTAYARISHA

Motokari ya kukodi ni ya lazima karibu. Bisi hazisaidii mu vijiji vile. Kama ndugu hawana permis, mukodi taxi toka Ponferrada na kupatana bei mbele.

Mwenye anatoka Kongo anaomba visa Schengen. Ile moja inatosha kwa Ubelgiji, Ufaransa na Uhispania, lakini unaiomba ku balozi ya inchi yenye utakaa siku mingi zaidi.

Viatu vyenye kukamata udongo, mayi ya kunywa, kofia. Myezi ya 7 na ya 8 jua ni kali. Muzuri zaidi ni mwisho wa mwezi wa 10 na mwanzo wa mwezi wa 11: majani ya miti ya shatenye yanageuka rangi ya zahabu, na matunda yake yanauzwa ya kuchomwa.

Piga simu mbele. Mu mwezi wa 8 mwaka 2025 moto mukubwa uliunguza Las Médulas na miti yake mingi. Njia na nyumba za kupokelea wageni uziulizie kwanza. Na musee mingi ya Uhispania zinafungwaka siku ya kwanza.

ZAHABU ILIENDA, NINI ILIBAKIA

Mbele ya kurudia, simama dakika kumi ku ziwa la Carucedo. Ziwa lile halikuwa pale. Udongo wenye ulitupwa kisha kusukulwa uliziba bonde, mayi yakakosa njia, yakajikusanya. Ni reje ya mugodi yenye iligeuka ziwa. Sisi wenye tunaishi chini ya terili ya Lubumbashi hatuhitaji mutu wa kutueleza zaidi.

Plinio anasema jambo lingine lenye kila muchimbaji wa hapa analijua: wale watu, wakati wa kutoboa mulima, hawakujua kama zahabu iko mule. Matumaini peke yake yaliwatosha kujitia mu hatari. Na alisikia kwamba majimbo matatu ya upande ule yalitoa kila mwaka libra 20.000 za zahabu, karibu kilo 6.500. Lakini ku vijiji vya wachimbaji, wataalamu walikuta nyumba za kawaida za wakulima. Zahabu haikulala pale hata siku moja.

Kazi iliisha mwanzo wa karne ya tatu. Leo vijiji vile vinaishi na hotele ndogo, shatenye, asali na wageni wenye kuja kuangalia shimo. Ni mulima ule ule ambao bababu zao walilazimishwa kuuangusha. Ilichukua zaidi ya miaka 1.700 ili mulima ule ulete pesa ku wenyeji.

Mwenye ataenda apige picha ya ile ziwa pamoja na ya zile ncha nyekundu, na azionyeshe watoto zote mbili. Mwenye haendi, aombe mutoto afungue picha za satelite mu telefone na aandike jina Las Médulas. Kidonda chekundu katikati ya majani mabichi kitatokea mara moja. Kisha umwambie aandike Kolwezi.