Kelele za jokofu

Kelele za jokofu ni sauti zinazotolewa na jokofu (pia: friji) la nyumbani linapofanya kazi. Nyingi ni za kawaida; nyingine hutokana na namna jokofu lilivyowekwa na huondolewa kwa gharama ndogo; chache ni dalili ya hitilafu. Kuzitofautisha kuna faida, kwa kuwa kubadilisha kompresa ni matengenezo ya bei kubwa, na katika nyumba ya chumba kimoja jokofu husimama hatua chache tu kutoka kitandani.

Chanzo cha sauti

Sauti kuu hutoka kwenye kompresa, chombo cheusi cha chuma kilichopo chini, nyuma ya jokofu. Ndani yake mota huendesha pistoni inayokandamiza gesi ya kupoza. Kwa umeme wa hezi 50, kama ule wa Tanzania na Kenya, mota ya aina ya kawaida huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, na nguvu ya sumaku yake huleta mtetemo wa mara 100 kwa sekunde. Huo ndio mngurumo mzito unaosikika usiku. Kompresa hukalia vipande vya raba ili mtetemo usifike kwenye kabati la jokofu. Raba zikikauka au kubonyea, kabati lote hulia kama ngoma.

Sauti ya kububujika ni gesi na kimiminika vikipita kwenye mabomba, na mlio mfupi wa kupasuka ni plastiki inayojikunja kwa baridi. Hizo hazina tiba wala haziihitaji.

Katika Umoja wa Ulaya, lebo ya nishati iliyoanza kutumika Machi 2021 huonyesha pia daraja la kelele, kuanzia A (chini ya desibeli 30) hadi D (desibeli 42 au zaidi).

Kupunguza kelele

Plagi hutolewa kwanza. Miguu ya mbele ya majokofu mengi ni skrubu zinazozungushwa kwa mkono. Jokofu likiyumba, huzungushwa mpaka litulie, upande wa mbele ukiwa juu kidogo ili mlango ujifunge wenyewe. Asiye na pimamaji anaweza kutumia bilauri ya maji iliyowekwa juu ya jokofu.

Nyuma huachwa nafasi ya sentimita 5 hadi 10, bomba lolote lisiguse ukuta. Vipande vinne vya raba ya tairi kuukuu, vyenye unene sawa, vikiwekwa chini ya miguu huzuia mtetemo usishuke sakafuni. Mara nyingi, hata hivyo, kinachogonga si jokofu lenyewe bali sufuria na chupa zilizopangwa juu yake, au kile kibakuli cha plastiki kinachopokea maji juu ya kompresa.

Vumbi la kwenye koili za nyuma hupanguswa kwa brashi laini. Koili chafu hushindwa kutoa joto, hivyo kompresa hufanya kazi muda mrefu zaidi. Kwa sababu hiyohiyo kuifunika kompresa kwa nguo au sponji ni kosa: sauti hupungua kidogo, lakini joto huiua.

Dalili za hatari

Kompresa inayonguruma kwa sekunde chache, ikatoa "tak", ikanyamaza, kisha ikarudia baada ya dakika kadhaa, inashindwa kuwaka. Sababu inaweza kuwa umeme mdogo, au rilei mbovu, ambayo ni kipuri cha bei ndogo kuliko kompresa. Jokofu la namna hiyo huzimwa, kwani majaribio ya kurudiarudia yanaweza kuunguza mota. Umeme ukikatika na kurudi, ni vizuri kungoja dakika tano hivi kabla ya kuliwasha, ili shinikizo la gesi lisawazike.

Majokofu mengi mapya hutumia gesi ya R600a (isobutani), inayowaka kama gesi ya kupikia. Mabomba hayapaswi kupindwa ili yaache kugonga, wala barafu kubanduliwa kwa kisu.

Majokofu yasiyo na kompresa

Mwaka 1922 Waswidi Baltzar von Platen na Carl Munters walibuni jokofu linaloendeshwa kwa joto tu, bila mota. Mfumo huo ulitumika katika friji za mafuta ya taa, na bado hutumika katika friji ndogo za vyumba vya hoteli, kwa kuwa hautoi karibu sauti yoyote. Hata hivyo hutumia nishati nyingi zaidi kuliko kompresa.